Jiwe Linalooshwa Kila Asubuhi: Kweli na Uzushi Kuhusu Mawe ya Wahindu

Kusini mwa Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ipo miamba ya Moru. Juu ya mmoja wake limekaa jiwe kubwa lenye vishimo vya mviringo, vilivyochimbika kwa kugongwa miaka nenda miaka rudi. Okota kokoto ugonge ndani ya kishimo: jiwe linalia kama kengele. Hamia kishimo cha pili, sauti inabadilika. Jirani na hapo, kwenye kuta za mwamba, zimechorwa ngao za rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ni kazi ya morani wa Kimaasai, ambao jamaa zao waliishi huku hadi walipohamishiwa Ngorongoro mwaka 1959.

Nimeanza na Moru kwa makusudi. Kuanzia Mugumu hadi Sirari, mkoani Mara, mazungumzo yakigusa dini ya Wahindu hayaendi mbali kabla mtu hajauliza, "Wale si wanaabudu mawe?" Huulizwa hivyo kana kwamba jiwe lenye heshima ni jambo la ng'ambo, lililoshuka melini pamoja na vitambaa na taa za chemli. Anayeuliza, mara nyingi, ni mjukuu wa mtu aliyejua jiwe lipi halikaliwi, mti upi haukatwi, na chemchemi ipi haichotwi kabla mwenyewe hajaitwa. Maneno yanayozunguka kuhusu mawe ya Wahindu ni mengi. Machache ni kweli, mengine ni nusu kweli, na mengine yamewatoa watu fedha mfukoni. Nitayapitia, na pale yanapogusa ya kwetu sitayaruka.

"Wahindi wanaabudu mawe."

Uzushi, tena wenye makosa zaidi ya moja.

Kosa la kwanza ni kuwachanganya watu. Wafanyabiashara wa asili ya India waliosambaa kuzunguka Ziwa Viktoria baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901 walikuwa wa dini nyingi. Walikuwemo Waismailia, Mabohora na Ithnaasheri, ambao ni Waislamu. Walikuwemo Wagoa, ambao ni Wakatoliki. Walikuwemo Masingasinga na Wajaini. Mhindu alikuwa mmoja kati yao, na kumtwisha kila mwenye duka la Kihindi ibada ya Kihindu ni sawa na kumwambia Mkurya yeyote kwamba ni Msabato.

Kosa la pili ni kudhani Wahindu wote wanaafikiana kuhusu sanamu. Mwaka 1875 huko Bombay, Swami Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu inayokataa sanamu kabisa na kukusanyika mbele ya moto mtakatifu na maneno ya maandiko ya Veda. Ilikuwa imeshafika Nairobi mwaka 1903, mji wenyewe ukiwa bado kituo cha reli chenye mabati na matope. Kwa hiyo ubishi wa kama inafaa kuinama mbele ya jiwe haukuletwa kwa Wahindu na wamisionari wala masheikh. Wamebishana wenyewe kwa wenyewe, na bado wanabishana.

Kosa la tatu ndilo zito, na linawahusu wale wanaotumia mawe: kudhani kwamba jiwe lenyewe ndilo wanaloliabudu. Tazama jiwe linavyoanza. Jiwe likitoka machimboni ni jiwe. Fundi hulikalia, hulikanyaga, hulipiga nyundo na tindo, hulimwagia maji machafu ya kusagia. Hakuna anayelisujudia. Macho ya sanamu huachwa hadi mwisho. Kisha huja ibada ndefu ya makuhani, ambayo ndani yake Mungu huombwa aje akae humo na pumzi ya uhai iingie. Kuanzia hapo jiwe halishikwi ovyo: linaoshwa, linavishwa, linapewa chakula, usiku linafungiwa pazia lipumzike. Likipasuka vibaya huombwa yule mgeni aondoke, na jiwe hupelekwa majini. Katika sikukuu ya mungu Ganesha mambo huwa wazi zaidi. Sanamu ya udongo huheshimiwa kwa siku kadhaa, halafu hubebwa kwa nyimbo hadi mtoni au baharini na kuachwa iyeyuke. Watu walioamini kwamba udongo wenyewe ndio Mungu wasingethubutu kumtumbukiza majini.

Tarehe 22 Januari 2024 dunia nzima iliona ibada hiyo ikifanywa Ayodhya, kaskazini mwa India, kwa sanamu ya mungu Rama akiwa mtoto, iliyochongwa na Arun Yogiraj. Jiwe lake jeusi lilitoka Karnataka, kusini. Miamba ya kale ya jimbo hilo ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, rika moja na miamba yetu inayobeba dhahabu ya Nyamongo. Anayesema jiwe la Wahindu ni tofauti kwa asili yake akae na wanajiolojia kwanza.

"Jiwe linalolia lina roho ndani."

Hili huelekezwa kwa jiwe la Moru, na huko India lina ndugu zake. Huko huko Karnataka, kwenye magofu ya Hampi, lipo hekalu la Vittala lenye nguzo nyembamba za granaiti ambazo ukizigonga kidogo hutoa sauti za muziki. Wageni walizigonga mno hadi ikabidi wazuiwe. Si mbali na hapo, kwenye kilima cha Kupgal karibu na Ballari, kuna mawe meusi yenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa na watu wa zama za mawe maelfu ya miaka iliyopita. Nayo hulia. Kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, kina mawe ya aina hiyo pia.

Sababu ya mlio inaeleweka. Jiwe likiwa gumu, chembe zake zikiwa zimeshikana bila ufa mkubwa ndani, na likiwa limegusa mwamba ulio chini yake sehemu chache tu, mtikisiko wa pigo hauna pa kufia. Unazunguka ndani ya jiwe na kutoka kama sauti. Jiwe hilo hilo ukilifukia nusu ardhini litanyamaza.

Basi roho hamna? Fizikia inaeleza sauti. Haielezi kwa nini watu wa Moru na watu wa Kupgal, wasiojuana, waligonga mahali pale pale kwa vizazi hadi vishimo vikachimbika kwenye mwamba mgumu. Walikuwa wanafanya jambo lenye maana kwao, pamoja, kwa muda mrefu. Mwenye kupita na gari, akagonga mara mbili na kusema "kumbe ni hewa tu", ameondoka na jibu la swali dogo.

"Shaligramu ni kito. Ukikipata umetajirika."

Uzushi huu nitakaa nao, kwa sababu ukweli wake ni mtamu kuliko uongo.

Nchini Nepal, katika eneo la Mustang, mto Kali Gandaki hukata milima ya Himalaya. Maji yake hubeba mawe meusi ya mviringo, ndiyo shaligramu, mengi yakiwa yanaenea kiganjani. Ukilipata lililopasuka au lenye tundu, ndani unaona mzunguko wenye mistari, duara ndani ya duara. Kwa wafuasi wa mungu Vishnu hilo ni gurudumu lake, na jiwe ni Vishnu mwenyewe aliyechagua kukaa humo. Halihitaji kuhani kulitia pumzi, maana halikuchongwa na mkono wa mtu. Hata likivunjika, halitupwi.

Kwa mwanasayansi huo mzunguko ni kisukuku cha amonaiti, kiumbe wa baharini wa ukoo mmoja na pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojiviringa. Amonaiti walitoweka duniani miaka milioni 66 hivi iliyopita, pamoja na dinosaria. Wale wa Gandaki ni wakongwe zaidi, wa kipindi cha Jurasiki, walipokuwa wakielea katika bahari ambayo sasa haipo. Bara Hindi liliposukumwa kaskazini likagonga Asia, sakafu ya bahari ile ilikunjamana ikapanda juu, na leo magamba yake yanaokotwa kwenye mabonde yaliyo maelfu ya mita juu ya usawa wa bahari. Mahujaji huyafuata hadi hekalu la Muktinath, ambako baridi huuma hata kiangazi.

Sasa sikia hili. Amonaiti wa kipindi hicho hicho wapo Tanzania. Kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, kina tabaka za bahari zenye magamba yao. Hakuna Mhindu anayekwenda Lindi kuyaokota. Kisukuku ni kile kile, lakini mto ni mwingine, na hadithi ni nyingine. Kinacholifanya jiwe la Gandaki kuwa shaligramu ni mto huo na ahadi inayosimuliwa juu yake.

Kuhusu utajiri, watu wa Nyamongo watanielewa haraka. Kule kwetu neno "mawe" likitamkwa na mchimbaji mdogo lina maana ya mbale: yasagwe kwenye karasha, yaoshwe, yatiwe zebaki, yauzwe. Na kila mchimbaji ameshakutana na ile inayong'aa kwa rangi ya dhahabu na isiyo dhahabu, pairaiti, inayomfurahisha mgeni kwa dakika tano. Baadhi ya shaligramu zina pairaiti ndani, na zipo zilizovunjwa na watu wenye tamaa waliodhani wamepata. Waliambulia vumbi.

Mapokeo ya Kihindu yenyewe yanakwenda kinyume kabisa na biashara. Maandiko ya Purana yanasema anayelitia jiwe hilo bei, anayeliuza na anayelinunua, wote wana makosa. Linapokewa: kutoka mtoni, kwa mwalimu, au kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwanawe. Masoko yapo, ni kweli, na wauzaji wapo hadi kwenye simu zetu. Lakini Mhindu anayejua mila yake hulitazama tangazo la "shaligramu yenye nguvu, bei nafuu" kwa masikitiko yale yale ambayo mzee wa Ikoma angeyaona mtu akipiga mnada mahali pa matambiko.

Nyumbani, jiwe hilo lina kazi ndogo za kila siku. Asubuhi, kabla ya chai, mwenye zamu huoga. Hulitoa jiwe kwenye kitambaa chake, hulimiminia maji, hulifuta, hulipaka sandali iliyosagwa, na kuliwekea jani la tulsi, mmea wa jamii moja na mrehani na kivumbasi. Huwashwa taa ya samli. Chakula huwekwa mbele yake kwanza, ndipo watu wa nyumba wale. Maji yaliyoliosha hunywewa kwa kiganja. Kesho yake tena. Akisafiri, lazima atafutwe wa kumshikia zamu, au jiwe lisafiri naye. Ukitaka kujua kama familia ina shaligramu kweli, usiulize lina nguvu gani, uliza nani aliliosha leo.

"Lile jiwe la Shiva ni uume."

Nusu kweli, na nusu hiyo imefanywa kichekesho na watu wengi wasiojua nusu nyingine.

Lingamu, jiwe la mungu Shiva, ni nguzo fupi ya jiwe yenye kichwa cha mviringo, iliyosimikwa kwenye sinia la jiwe lenye mdomo wa kutolea maji. Juu yake mara nyingi huning'inizwa chombo cha shaba kinachodondosha maji tone kwa tone. Kwamba asili yake inahusiana na uzazi si siri. Lingamu ya Gudimallam, kusini mwa India, iliyochongwa kabla ya kuzaliwa Kristo au karibu na wakati huo, haiachi shaka. Mwenye kukana hilo anakana jiwe linaloonekana.

Ila kwa mamilioni ya wanaoinama mbele yake leo, ni alama ya Mungu asiye na sura. Ushahidi wangu ni mawe yenyewe, na pengine ukosefu wake. Huko Kedarnath, Himalaya, lingamu ni nundu ya mwamba isiyochongwa. Katika pango la Amarnath, Kashmir, ni barafu inayojijenga na kuyeyuka. Kutoka mto Narmada huja mawe laini yenye umbo la yai na mistari ya asili. Na katika hekalu la Chidambaram, Tamil Nadu, ipo sehemu ambapo pazia likivutwa huoni jiwe lolote, unaona nafasi tupu na nyuzi za majani ya dhahabu zikining'inia. Hapo Shiva huabudiwa kama anga. Ukilijua la Chidambaram, kicheko kinakwisha.

Huna haja ya kwenda India kuona haya kwa heshima. Mji Mkongwe wa Zanzibar una hekalu la Shiv Shakti huko Hurumzi, na mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam una mahekalu kadhaa yaliyokaribiana. Vua viatu, ingia kwa utulivu, uliza.

"Wana jiwe lenye jini dukani, ndiyo maana hawafilisiki."

Uzushi. Na ninaukasirikia, kwa sababu unazaa uzushi wa pili: kwamba nawe ukiuziwa jiwe hilo mambo yatanyooka.

Tajiri mkubwa kuliko wote wa kizazi cha kwanza cha wafanyabiashara wa Kihindi katika nchi za ziwa alikuwa Allidina Visram, aliyetoka Kutch akafika Bagamoyo akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yameenea Uganda, Kenya na eneo la Wajerumani. Alikuwa Mwismailia. Hakuwa na jiwe la Kihindu wala sababu ya kuwa nalo. Aliyekuja baada yake, Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa upande wa Porbandar, alikuwa Mhindu kweli, na kiwanda chake cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924. Nguvu za wote wawili zinajulikana: bidhaa za mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara mkubwa wa pwani, ndugu waliolala dukani bila mshahara, hesabu zilizoandikwa kila jioni, pamba iliyonunuliwa kwa mkulima na kuchambuliwa kiwandani. Kulikuwa na upendeleo wa serikali ya kikoloni pia, ambao Mwafrika alinyimwa, na hilo lisisahauliwe.

Na wafanyabiashara wa Kihindi walifilisika pia. Sheria ya mwaka 1971 ilipotwaa majengo ya kupangisha Tanzania, na Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, mawe hayakuzuia chochote. Watu waliondoka na sanduku.

Lugha yetu imehifadhi mashaka yetu juu yao katika methali inayomtaja Baniani na kiatu chake. Mashaka hayo ndiyo shamba ambalo tapeli hulima. Anayeuza "jiwe la Mabaniani" kwa mkulima wa tumbaku wa Tarime ni yule yule anayeuza rupia ya Mjerumani yenye maajabu na kuwachimbisha watu chini ya miamba kutafuta hazina. Mteja hubadilishiwa hadithi tu.

"Pete ya jiwe humkinga mvaaji."

Hapa nitapita haraka. Unajimu wa Kihindu unapanga vito tisa kwa sayari: rubi ya jua, lulu ya mwezi, marijani nyekundu ya Mirihi, zumaridi ya Utaridi, yakuti ya njano ya Mshtarii, almasi ya Zuhura, yakuti samawi ya Zohali, na vingine viwili kwa vivuli vinavyosababisha kupatwa. Mpango huo ni wa kweli na wa kale. Kwamba unakinga ajali ya bodaboda hakuna aliyewahi kuthibitisha. Na akikwambia mtu kwamba tanzanaiti imo katika vile tisa vya maandiko ya kale, ujue hasemi kweli: tanzanaiti ilipatikana Mirerani mwaka 1967.

"Sanamu za mawe zilikunywa maziwa."

Kweli kwamba watu waliona, uzushi kwamba zilikunywa. Tarehe 21 Septemba 1995, habari zilitoka Delhi kwamba Ganesha anapokea maziwa kijikoni. Kufikia jioni foleni zilikuwa zimejaa kwenye mahekalu hadi London. Wanasayansi wa India walitia rangi kwenye maziwa wakarudia. Yalivutwa na uso wa jiwe kutoka kijikoni, yakatiririka mbele ya sanamu kama utando mwembamba usioonekana kwa urahisi kwenye jiwe lililolowa. Siku moja, maelezo mepesi. Wahindu wengi waliyakubali na wakaendelea na ibada yao, maana haikuwa imesimama juu ya muujiza ule.

"Wana mawe ya watu waliokufa wakitetea ng'ombe."

Kweli. Na sijui kwa nini hili, ambalo Tarime ingelielewa kuliko wilaya nyingine yoyote, ndilo lisilosimuliwa.

Katika Kutch na Saurashtra, maeneo ya Gujarat walikotoka wengi wa Wahindu wa Afrika Mashariki, ukipita kando ya vijiji unakuta mawe yaliyosimamishwa, mengine peke yake, mengine safu nzima. Yanaitwa paliya. Jiwe lina urefu wa mtoto au wa mtu mzima. Juu kabisa vimechongwa jua na mwezi, kuonyesha kwamba sifa ya marehemu itadumu kadiri vinavyodumu. Katikati yumo mpanda farasi mwenye upanga au mkuki. Chini kuna maandishi: jina, tarehe, na alikufaje. Wengi walikufa wakiwafuata wezi waliokuwa wameswaga ng'ombe wa kijiji. Kwenye mwambao yapo ya mabaharia, yamechongwa jahazi mahali pa farasi, kwa watu waliozama katika safari za bahari, bahari hiyo hiyo iliyoleta majahazi Lamu na Unguja.

Wazao wao huyapaka rangi nyekundu siku za sikukuu, na maharusi hupelekwa mbele yake kuombewa. Hapa jiwe halibebi mungu wa mbinguni. Linambeba babu aliyeitikia yowe la usiku, akatoka, hakurudi. Ukoo unaosimama mbele yake unakumbushwa kwamba mifugo iliyomo zizini leo imelipiwa damu.

Tarime na Serengeti tumezika vijana wengi kwa sababu ya ng'ombe, walioiba na walioibiwa, na polisi, na sungusungu. Majina yao yako midomoni mwa mama zao tu. Sisemi tuige paliya. Nasema Mkurya akisimama mbele ya jiwe lile asingehitaji mkalimani, na hapo maneno ya "wanaabudu mawe" yangemkwama kooni.

"Basi mawe yao na ya kwetu ni kitu kimoja."

Hapana, na heshima haihitaji yawe kitu kimoja.

Kwa Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, na kwa jirani zao, kuna mahali panapoitwa emisambwa: mwamba, chemchemi, kichaka au mti ambapo wahenga wa nchi wanakaa. Panakuwa na ukoo wake na mlinzi wake. Watu huenda huko mvua inapokawia, ugonjwa unapoingia, au kizazi kinapokabidhi nchi kwa kingine. Hapachongwi, hapapakwi rangi, na mara nyingi mpita njia hawezi kujua kwamba amepita. Si lazima pawe mwamba hata kidogo. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu ambazo mapokeo yao yanasema walizipata kwa mganga wa Kitatoga, na zenyewe hubeba uzito wa taifa zima. Kule Butiama, Wazanaki wana msitu wa Muhunda.

Undugu upo. Kwa pande zote mbili kitu kinakuwa kitakatifu kwa kuwa kina watu wanaowajibika kwake: wa kuosha, wa kufagia, wa kupeleka pombe ya mtama, wa kujua maneno. Tofauti ni kwamba shaligramu inasafiri. Familia iliyofukuzwa Kampala iliweza kuliweka jiwe kwenye kitambaa, likaoshwa Leicester kesho yake bila kupoteza chochote. Emisambwa haisafiri. Imefungwa kwa ardhi hiyo, kwa maji hayo, kwa kaburi hilo.

Ndiyo maana mipaka imetuumiza kwa namna ambayo Mhindu wa ughaibuni hakuijua. Serengeti ilipotangazwa hifadhi mwaka 1951, kisha mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalipotangazwa mwaka 1994, baadhi ya emisambwa ilibaki ndani na wenyewe wakabaki nje. Mwenye kwenda kutambika bila kibali ni mvamizi kisheria, sawa na jangili. Mlinzi akizeeka bila kumpeleka kijana mahali penyewe, hakuna ramani itakayosaidia.

Njia nyingine ipo, na imeshajaribiwa nchini humu. Michoro ya miambani ya Kondoa ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, UNESCO ilitambua kwamba wenyeji wa Kolo bado wanatambika kwenye mwamba wa Mongomi kuomba mvua na uponyaji, na ikahesabu hilo kuwa sehemu ya thamani ya mahali. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao halmashauri ya kijiji ndiyo inayouandaa, unaweza kutenga mahali pa matambiko kama unavyotenga malisho na makaburi. Wazee wenye kujua bado wapo Robanda, Nata na Ngoreme. Halmashauri za vijiji na wenye hifadhi wakae nao sasa, waandike ni wapi, ni ukoo gani, na lini mlango utafunguliwa ili wenye zamu waingie.